Mshindi Naye Ainuke

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaijua sote, na kila mara huambiwa yule aliyeshindwa. Leo mimi nataka kumwambia neno yule aliyeshinda. Nadhani nina haki ya kusema, maana kwa miaka mitatu mshindi huyo nilikuwa mimi.

Habari yenyewe ni ya bao. Wenzangu wa bwenini wajua kwamba chini ya mwembe wetu bao huchezwa kila jioni, baada ya usafi mpaka kengele ya chakula. Muhula huu pametokea ubishi mkubwa juu ya mchezo huo. Baadhi yetu wataka iwekwe amri kwamba mchezaji hodari asimfunge mchezaji mchanga mkononi. Wengine wasema bao si mchezo wa kitoto, na mwenye kuogopa kufungwa akae darasani asome. Mwalimu wa zamu aliombwa aamue, naye akaturudishia shauri tuliamue wenyewe. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Kwa faida ya wazazi ambao kwao bao letu la pwani halichezwi, nitaeleza kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo mara nyingi ni komwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo unapoanza, kete kumi tu zawekwa baoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani nayo. Zile 22 zabaki mkononi. Wachezaji hunamua, yaani huingiza kete mojamoja kwa zamu, huku wakila kete za mwenzao. Zikiisha za mkononi, ndipo mchezo wa mtaji unapoanza. Anayemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenzake ndiye mshindi. Akimmaliza wakati kete za kunamua hazijaisha, husemwa amemfunga mkononi. Kwa mtu mzima kufungwa mkononi ni aibu. Kwa mtoto anayejifunza ni sawa na kufukuzwa mezani kabla ya kuonja chakula.

Mimi nilifundishwa bao na babu yangu mzaa mama, kule Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Nilipokuwa na miaka minane hakunipa bao la Kiswahili hata siku moja. Alinipa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, wala hapana kunamua. Nikikosea, alikuwa akisema, “Mjukuu wangu, hebu tazama tena.” Nami hutazama tena. Lakini sharti mjue kwamba hakuniachia nishinde hata mara moja. Alinifunga kila siku kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Siku nilipomfunga kwa haki hakusema kitu, akaondoka kwenda kuswali. Kesho yake alasiri nilipoketi, alizifuta kete zote baoni, akaupanga mchezo upya, akanitilia kete 22 mkononi. Hiyo ndiyo zawadi yangu.

Jioni, wazee wenzake walipotoka pwani na kuja barazani, babu huyo huyo aligeuka mtu mwingine. Hapakuwa na kutazama tena. Mkono ulikwenda upesi hata sisi watoto hatukuweza kuufuata kwa macho, na vijembe vilirushwa pande zote mbili. Mzee aliyefungwa mkononi alitaniwa mpaka Ijumaa. Hata hivyo sikuona mzee hata mmoja aliyeacha kuja. Walikuwa wamekubaliana, pasipo kuandikiana, kwamba huo ndio mchezo walioujia.

Basi babu yangu alikuwa na mabao mawili, nami nilipokuja shule nilileta moja tu. Nilileta lile la jioni.

Katika Kidato cha Kwanza niligundua kwamba wenzangu wengi hawajui thamani ya nyumba. Huiacha wazi mwanzoni kabisa, na ukiipata nyumba ya mtu mapema hana tena nguvu ya kurudi. Nikajizoeza njia hiyo moja usiku na mchana. Sikuwa na haja ya kucheza vizuri. Ilitosha kujua kosa moja la watu na kulivizia. Niliwafunga wengi mkononi, nikajiona fundi. Kumbe fundi sikuwa. Nilikuwa mvuvi anayetega wando mahali pamoja siku zote na kujisifu kwamba anaijua bahari.

Mwaka jana alikuja kijana wa Kidato cha Kwanza kutoka Usukumani. Wasukuma wana mchezo wao wa jamii hii uitwao isolo, na yeye kwao alikuwa ameucheza tangu utoto. Alipoketi mbele yangu alicheza kama walivyomzoeza kwao. Nilicheka kwa sauti. Nikawaita wengine waje watazame, kisha nikamfunga mkononi mbele yao, nikasema, “Hili ni bao la waungwana, si la wachunga ng’ombe.” Watu walicheka sana. Yeye alizirudisha kete zangu na zake mahali pake, mojamoja, akasimama akaenda zake. Hajaketi tena chini ya mwembe ule mpaka leo.

Sisemi haya ili nisifiwe kwa kutubu. Nayasema kwa sababu kosa langu lilikuwa mbili, nasi katika ubishi wetu twalitaja moja tu. Maneno yangu yalikuwa mabaya, na kila mtu aliona. Lakini hata kama ningenyamaza, mchezo ule haukuwa wa haki. Yeye aliketi ili ajue bao la ugenini likoje. Mimi niliketi ili nishinde. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amejia nini.

Msidhani kwamba ugomvi huu ni wa pwani peke yake, au kwamba wazushwa na bao. Mwaka 1974 kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza, na kila mmoja hujifanya mtu wa hadithini: huyu askari, huyu mchawi, huyu mwizi. Mmoja wao husimulia safari na hatari zake, na dadu huamua mengi. Katika mchezo huo wachezaji hawashindani wao kwa wao. Wote wasafiri pamoja. Hata hivyo wana ubishi kama wetu. Yuko anayesoma kanuni zote, akapiga hesabu, akamtengeneza askari asiyeweza kushindwa na yeyote. Na yuko aliyekuja kwa ajili ya hadithi, ambaye askari wake ni kiwete mwenye woga, naye ampenda hivyo hivyo. Wakiketi meza moja pasipo kusemezana, yule wa kwanza huua kila adui kabla ya yule wa pili kuinua upanga. Wa pili hujiona hana kazi, na wa kwanza hushangaa mwenzake anunia nini. Ikiwa watu wasio na mpinzani waweza kugombana hivi, sembuse sisi tunaotazamana uso kwa uso?

Sasa nije kwenye amri inayotakiwa. Mimi siikubali, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, kumzuia hodari asifunge mkononi ni kumfundisha mchanga uongo. Siku atakayoketi Kaole au Unguja na mzee asiyeijua amri yetu, atafungwa kwa dakika tatu asijue limetoka wapi. Babu yangu alinipa bao jepesi, lakini katika bao hilo jepesi alinipiga kweli. Kumwachia mtu ashinde ni kumdharau kuliko kumcheka.

Pili, bao ni elimu kubwa, na elimu haikui kwa kuonewa huruma. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitungia bao shairi katika karne ya 19. Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar, akatoa kitabu mwaka 1995 juu ya mafundi hao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Mwalimu Nyerere, ambaye hakukosa kazi za kufanya, alikuwa mpenzi wa bao. Mchezo wenye heshima kama hii haufai kukatwa makali ili sisi tusikwaruzwe.

Lakini wale wanaosema mwenye kuogopa akae darasani, nao siwakubali. Waitazame desturi yetu chini ya mwembe. Bao ni moja. Aliyefungwa huinuka, na mshindi hubaki. Jioni tuna kama saa moja tu ya kucheza. Basi hodari hucheza saa nzima, na mchanga hucheza dakika tano, akainuka, akasimama nyuma ya migongo ya watu mpaka kengele ilie. Kwa hiyo anayehitaji mazoezi zaidi ndiye ayapataye kidogo, na asiyeyahitaji ndiye ayapataye tele. Baadaye twasema, “Vijana wa siku hizi hawajui bao.” Watalijuaje?

Matunda yake tuliyaona katika mashindano ya mabweni muhula uliopita. Kila bweni lilitakiwa kutoa wachezaji wanne. Kwetu walipatikana wawili kwa hiari, na wawili kwa kubembelezwa. Mimi nilishinda bao langu. Watatu wenzangu walifungwa, na wawili kati yao walifungwa mkononi kwa kosa lile lile la nyumba ambalo nilikuwa nimelivizia kwao miaka mitatu pasipo kuwaonyesha hata mara moja. Niliketi kando nikitazama nyumba zao zikiliwa, nikajua nani amewafundisha kushindwa hivyo.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

La kwanza, kabla ya kete kuwekwa, kila mmoja aulizwe: Leo twacheza bao gani? La kujifunza, la mazungumzo, au la vita? Jibu lolote ni la heshima. Wakikubaliana la vita, asilie mtu. Wakikubaliana la kujifunza, aliyekosea aambiwe atazame tena.

La pili, tangu Jumatatu hata Ijumaa, aliyeshinda mara mbili mfululizo naye ainuke. Asiende mbali, aketi kando ya mchanga amwonyeshe. Jumamosi desturi ya zamani irudi, mshindi abaki mpaka apatikane wa kumwondoa, na vijembe viwe halali.

La tatu, mgeni aliyeleta mchezo wa kwao apewe siku aufundishe. Isolo ya Wasukuma na omweso wa Uganda ni ndugu za bao. Omweso wenyewe una mashimo 32 na kete 64 kama la kwetu. Ajuaye mchezo mmoja peke yake ni kama ajuaye njia moja ya kwenda sokoni.

Najua wako watakaosema, “Huyu amemaliza kushinda, sasa atuhubiria.” Ni kweli. Mimi naondoka mwisho wa mwaka huu baada ya mtihani, na bao litabaki chini ya mwembe. Lakini wazazi na walimu wangu mtakubali kwamba bao si mahali pekee ambapo mwenye nguvu hubaki kitini na mnyonge husimama nyuma. Darasani pia iko hivyo, na uwanjani, na katika foleni ya maji. Tukizoea vibaya mchezoni, tutazoea vibaya kazini.

Nilikwenda kwa yule ndugu wa Usukumani nikamwomba radhi, nikamwomba pia anifundishe isolo. Radhi amenipa. Juu ya isolo amesema atafikiri. Namngojea, na akikubali, nitaketi kama mchanga, nifungwe, niinuke.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne