IRU MNAILA NYUMBANI, MBONA KWENYE KAMERA MNAIFICHA?

Wadau, kuna aina fulani ya mastaa wa Lagos ambao ukiwakuta laivu wanapika utadhani wamezaliwa Ulaya. Aproni nyeupe, kucha ndefu, jiko linang'aa. Mboga inayopikwa ni efo riro, ile ya majani kwa mafuta ya mawese, halafu staa anadumbukiza kidonge cha supu cha dukani na kutamba kwamba hiyo ndiyo siri yake. Siri gani? Siri yenyewe iko nyuma ya friji, kopo limefungwa mifuko mitatu. Inaitwa iru.

Kwa asiyejua, iru ni mbegu za mti wa nere zilizochachushwa. Wayoruba wanasema iru, Wahausa dawadawa, Mali na Burkina Faso ni sumbala, Senegal ni netetu, Benin ni afitin. Majina kibao, ukoo mmoja. Na ndiyo, inanuka! Ukiifungua sebuleni mgeni ataanza kutafuta soksi ni za nani. Ila ikigusa mafuta ya moto, mchuzi unapata utamu wa nyama hata kama nyama yenyewe haimo.

Sasa kinachouma ni hiki. Iru si kitu cha kubahatisha. Mbegu zinachemshwa saa nyingi mpaka ganda gumu lilegee, zinatwangwa, zinaoshwa, zinachemshwa tena, kisha zinafunikwa kwenye joto siku 2 au 3 bakteria wafanye yao. Hapo kuna kuni, maji na mgongo wa mtu. Na huyo mtu mara nyingi ni mama wa kijijini anayetegemea hela hiyo kuendesha nyumba.

Kwa hiyo staa akiikunjia pua mbele ya wafuasi wake, huo si utani mdogo. Binti anayemtazama anajifunza kwamba chakula cha bibi yake ni aibu. Kesho sokoni anampita mama wa iru kama hamuoni, anakimbilia kidonge. Mama yule hana akaunti ya kujitetea.

Wapo watakaosema kidonge ni chepesi na maisha ya mjini ni mbio. Sawa, hakuna aliyekatazwa. Lakini kidonge kwa sehemu kubwa ni chumvi, wakati iru ni mbegu yenye protini. Tena ipo iliyokaushwa na kusagwa, unanyunyiza tu. Hapo kisingizio cha muda kimeisha.

Waangalieni Wajapani na natto yao. Ni soya iliyochachushwa kwa bakteria anayeitwa Bacillus subtilis, na bakteria huyohuyo ndiye anayefanya kazi kubwa kwenye iru. Natto nayo inanuka, tena inavutika kama kamasi, ila watu wanaila asubuhi na wali na hawamuombi mtu radhi. Ya Tokyo staa wetu ataipiga picha, ya kwao anaifungia mifuko mitatu!

Mastaa, hakuna anayewadai mhubiri. Fungueni kopo laivu, itajeni kwa jina lake, semeni mmeinunua soko gani. Harufu haipiti kwenye simu, mnaogopa nini?

Wadau mnasemaje, ni aibu au ni ushamba wa kujifanya wa kisasa?