Neno la Mhariri: Swali la Utafiti Linaulizwa na Nani?

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya wanawake watafiti wa Afrika na fedha zinazowawezesha kudumu kwenye utafiti. Hoja yetu tunaisema mapema. Ufadhili unaomchukua binti wa kijijini ukamfikisha kwenye shahada ya uzamivu ni jambo jema, lakini peke yake hauigusi sayansi yenyewe. Sayansi huanza kubadilika pale mwanamke huyo anapokuwa na sauti ya kuamua nini kitafitiwe, nani aajiriwe na fedha za mradi ziende wapi. Programu nyingi za ufadhili huishia siku ya mahafali. Chache huvuka hapo, na mojawapo ina makao yake Nairobi.

Inaitwa AWARD, na inawahusu wanawake wa Kiafrika walio katika utafiti wa kilimo. Ilizinduliwa mwaka 2008, baada ya kipindi cha majaribio hapa Afrika Mashariki. Hesabu ya wakati ule ilikuwa ya kusikitisha: katika kila watafiti wanne wa kilimo barani, mwanamke alikuwa mmoja tu, na kwenye nafasi za uongozi alikuwa mmoja kati ya saba. Hili ni bara ambalo, kusini mwa Sahara, karibu nusu ya nguvukazi ya kilimo ni wanawake. Anayepalilia, anayechagua mbegu ya kuweka kwa msimu ujao, anayejua ni maharage gani yanamaliza kuni jikoni, hakuwa na wa kumsemea mezani palipoamuliwa mbegu mpya iweje.

Ili kuona kwamba jambo hili lina uzito, tuangalie mboga. Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alikuwa mtoto ambaye mwili wake ulikataa maziwa, mayai, nyama na samaki. Alikulia kwenye mboga za kienyeji za magharibi mwa Kenya: mnavu, mgagani, mrenda, kunde. Alipokwenda chuo kikuu kusomea kilimo, akakuta mboga zilizomlea hazimo kwenye masomo. Kabichi na mboga nyingine za kutoka nje ndizo zilizofundishwa. Zile za kwao zilihesabiwa magugu. Tangu miaka ya 1990 amekuwa akizitafiti, akianzia kwenye tatizo ambalo mkulima analijua vizuri, yaani mbegu mbovu. Leo mnavu, ambao Wakenya wengi huuita managu, unauzwa mpaka kwenye supamaketi za Nairobi. Mtafiti yeyote angeweza kuuliza maswali yake miaka mingi kabla. Hayakuulizwa, kwa sababu wengi wa waliopanga mitaala na bajeti hawakuwahi kuitegemea mboga hiyo kwa uhai wao.

Mfano wa pili ni wa Wangari Maathai, na huu tunataka kuukalia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akizunguka mashambani nje ya Nairobi kukusanya kupe, kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ng'ombe wa wafugaji. Alifuata kupe, lakini macho yake yakaona zaidi ya kupe: mito iliyojaa udongo kila mvua inaponyesha, na ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho. Katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya akawasikia wanawake wa vijijini wakilia na kuni na maji. Akaunganisha alichokiona na alichokisikia, na mwaka 1977 likaanza vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement.

Tunamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Tunasahau upesi alivyotendewa akiwa mwanasayansi. Aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966 na shahada yake ya uzamili, alikuwa na barua ya kuahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba alinyimwa kwa sababu mbili, jinsia yake na kabila lake. Alipata kazi kwingine chuoni hapo hapo, katika anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Hata hapo masharti ya kazi hayakumtambua sawasawa na wenzake wa kiume. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa ana mume, na mume ndiye mwenye haki ya nyumba. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mwanabiokemia, ilibidi wapigane na chuo kwa ajili ya posho na marupurupu ambayo mwanamume wa cheo hicho hicho aliyapata bila kuomba. Muda ambao ungeingia maabara uliingia kwenye barua na vikao.

Masharti ya namna ile hayaandikwi tena waziwazi. Yamehamia mahali ambapo ni vigumu kuyaona. Tangazo la ufadhili likisema mwombaji asizidi miaka 35, limemhesabia mama wa watoto wawili miaka ile ile liliyomhesabia mwenzake wa kiume, ambaye mkewe ndiye aliyekesha na watoto. Mafunzo ya wiki tatu katika mji mwingine, bila senti ya yaya kwenye bajeti, yamekwisha kumkata mama anayenyonyesha kabla hata hajajaza fomu. Hakuna anayemfukuza. Anajiondoa mwenyewe, na taarifa ya mwaka inaandika kwamba waombaji wanawake walikuwa wachache.

AWARD haimlipii mtu shahada. Mtafiti anabaki na ajira yake katika taasisi ya utafiti au chuo, na katika kipindi cha ufadhili anafunzwa uongozi, uandishi wa makala za kisayansi na uandishi wa maandiko ya kuombea fedha. Anapewa mlezi wa kitaaluma, mwanasayansi mwandamizi, mwanamke au mwanamume, ambaye hukutana naye kila mwezi. Mlezi mzuri humwambia mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: ni jarida gani linalojibu mapema, kwa nini andiko zuri hukataliwa kwa ajili ya bajeti mbovu, na kwamba kwenye kikao cha mradi si lazima kila mara yeye ndiye aandike muhtasari. Kisha mtafiti huyo naye huchukua mwanasayansi chipukizi amlee. Kipengele hiki cha mwisho ndicho tunachokithamini kuliko vyote, maana kinamfanya aliyesaidiwa awe na wajibu kwa anayemfuata.

Hata hivyo, mwanamke aliyeandaliwa vizuri akirudi kwenye taasisi ileile yenye taratibu zilezile, mzigo wote wa mabadiliko unabaki mabegani mwake. AWARD wenyewe wameliona hilo na miaka ya karibuni wamekuwa wakifanya kazi na taasisi pia. Ni njia sahihi, lakini taasisi hizo ni za serikali zetu, na programu iliyo nje yao haiwezi kuzibadilishia kanuni za utumishi.

Hapa tunafika kwenye fedha. AWARD ilianza kwa msaada wa Wakfu wa Gates na wa USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 USAID ilifungwa, na miradi mingi ya utafiti iliyoitegemea barani ikakatika katikati ya msimu. Nchi za Umoja wa Afrika zimeahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti; sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ikataja asilimia 2. Kenya haijaifikia hiyo 2, na nchi nyingi za bara hazijaifikia hata hiyo 1. Tanzania, kwa Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, imeonyesha kwamba serikali inaweza kuwalipia wanafunzi bora wa sayansi wanaotoka kidato cha sita. Tunaipongeza kwa dhati. Lakini mwanafunzi huyo akishahitimu na kuajiriwa, akapata mtoto na wazo la utafiti mwaka huohuo, fungu la kumbeba liko wapi?

Tunaomba liwepo. Wakuu wa vyuo na taasisi waondoe ukomo wa umri kwenye ufadhili wanaousimamia, au wautoe muda wa uzazi kwenye hesabu. Gharama ya kulea mtoto safarini iandikwe kwenye bajeti ya mafunzo kama inavyoandikwa nauli. Na serikali za Afrika Mashariki zitenge fedha zao wenyewe kwa watafiti wanawake waliokwisha kuajiriwa, wapewe miradi ya kuongoza. Bajeti zetu husomwa mwezi Juni. Mbunge anayesoma jarida hili alipeleke ombi hili kwenye kamati yake kabla mafungu hayajagawanywa.