Njaa Katikati ya Maghala

Nimechoka kuambiwa kwamba ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wahubiri, na kwa wazazi waliopanga magunia ya mahindi hadi darini na bado hawajui kwa nini binti yao wa kidato cha tatu anatetemeka kwa baridi saa sita mchana. Trans Nzoia ni ghala la taifa. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa hapa Kitale mwaka 1956. Bungoma nayo ina miwa, ina kuku, ina wimbi, ina soko la Chwele. Na katikati ya shibe hii wapo vijana wanaojinyima chakula hadi hedhi inakatika, na wengine wanaofakamia usiku kwa siri kisha wanajitia kidole kooni. Tunasema wanadeka. Tunawawekea mikono ili mapepo yawatoke. Tunawanunulia dawa ya vidonda vya tumbo. Tunafanya kila kitu isipokuwa kuwauliza kinachowasibu.

Ndiyo, madaktari wa Ulaya ndio waliouandika kwanza: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ule wa kujinyima, anoreksia, katika miaka ya 1870, na Gerald Russell akaueleza ule wa kufakamia na kujitapisha, bulimia, mwaka 1979. Basi ni nini? Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa Berlin mwaka 1882, na hakuna mtu wa Kimilili anayekataa vidonge vyake kwa kuwa ugonjwa ni wa Wajerumani.

Wanaopinga hunitajia utafiti wa daktari wa akili, Dkt. Frank Njenga, na mwenzake, uliochapishwa 2004, uliosema kwamba anoreksia ni nadra Kenya. Namheshimu sana Dkt. Njenga. Lakini utafiti ule ulitegemea wagonjwa waliofika mbele ya madaktari wa akili, na binti wa Kiminini au wa Webuye hufikaje huko? Aidha, mwaka 2004 Facebook ndiyo kwanza inazaliwa. Leo kila bweni lina simu iliyofichwa chini ya godoro. Kisiwani Fiji, ambako unene ulikuwa sifa kama ulivyokuwa kwa nyanya zetu, televisheni iliingia wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowahoji wasichana wa shule wiki chache tu baada ya kuingia kwake, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11. Ilikuwa televisheni tu, bado hata si simu.

Na ushahidi wa karibu zaidi tunao. Mwaka 2016 Esther Muia, Vincent Onywera na wenzao walichapisha utafiti juu ya wasichana wa Kenya wanaokimbia, mabinti wa umri wa sekondari. Waliwakuta katika hatari ya upungufu wa nishati mwilini, ya kuvurugika kwa hedhi na ya ulaji uliopinda. Hawa ndio tunaowapigia vigelegele! Kila kijiji kuanzia Cherang'any hadi Mlima Elgon kina msichana anayeamka alfajiri kukimbia, na kocha anayemwambia kwamba akipunguza kilo mbili atakuwa mwepesi. Hedhi inapokoma, kocha hufurahi kwamba mazoezi yamekolea. Huyo si kocha. Msichana asiyepata hedhi kwa sababu ya njaa anapoteza mifupa katika umri uleule anaopaswa kuijenga, na mifupa hiyo hairudi yote hata akija kula vizuri baadaye.

Sasa tuzungumze juu yetu sisi watu wazima, maana simu tunaishtaki haraka mno. Nani anayemsalimia binti kwa mwili wake? Akirudi likizo, kabla hajatua sanduku, shangazi ameshasema, “Umenona kama nani?” Akipungua, jirani anauliza kama ana ukimwi. Mama anataka awe mnene kiasi cha kuonyesha kwamba nyumbani kunaliwa. Simu inataka kiuno chembamba na makalio mapana, na inamuuzia chai ya kukondesha tumbo na vidonge vya kunenepesha makalio kwa pamoja. Atoshee wapi? Tusisahau pia kwamba katika jamii nyingi za Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, na firigisi hadi leo ni ya mwenye boma. Chakula kwetu kimekuwa njia ya kumwambia msichana nafasi yake tangu zamani sana.

Umaskini nao hauzuii ugonjwa huu. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea, kisha akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wanaume wale walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukasirika ovyo na kujitenga, na baadhi yao waliporudishiwa chakula walifakamia wasiweze kuacha. Njaa yenyewe huvuruga akili ya anayeshinda nayo. Kwa hiyo mtoto wa mtaa wa Tuwan hapa Kitale anayelala njaa kuanzia Jumatano na kula kupita kiasi Jumamosi baba akilipwa, naye anahitaji kutazamwa, na hana deko lolote. Wavulana vilevile. Wapo pia waliorithi udhaifu huu katika damu, na wapo waliodhulumiwa kimwili wakabaki na kitu kimoja tu wanachoweza kukitawala, yaani kinachoingia mdomoni mwao.

Kujitapisha kunakula meno na kumaliza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kusimama ghafla bwenini, usiku, bila ishara. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Uchanganuzi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba katika kila watu watano waliofariki nayo, mmoja alijiua. Ukimwombea mtoto, mwombee ukiwa njiani kwenda hospitalini. Apimwe damu na moyo. Wala usimjazie ugali kwa hasira: mwili uliozoea njaa ukilishwa kwa kishindo unaweza kufa, ni lazima daktari aongoze.

Linaloniuma ni kwamba matibabu yaliyothibitika zaidi kwa vijana hayahitaji majengo ya fahari. Yalianzia hospitali ya Maudsley, London, na kiini chake ni wazazi kukaa na mtoto kila mlo, kwa upole na bila kulegea, hadi uzito urudi, wakiongozwa na mtaalamu. Wazazi tunao. Wataalamu ndio hatuna. Jopo lililoongozwa na huyohuyo Dkt. Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa, na bado familia ya Kitale hutafuta nauli ya kwenda Eldoret, kama kilomita 70, kumwona daktari wa akili.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita mlango kwa mlango na mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto mdogo. Dada yake mkubwa ameketi palepale, na hakuna anayemuuliza neno. Mawaziri wa afya wa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, wapeni wahudumu hao maswali matatu ya kumuuliza: anakula nini kwa siku, anajitapisha, hedhi yake ilikuja lini. Mfunzeni kila matroni wa shule ya bweni kumtambua anayetoka bwaloni na kukimbilia choo. Mwekeni mshauri mmoja aliyesomea ulaji katika kila hospitali ya rufaa ya kaunti. Bajeti inajadiliwa kila mwaka na barabara hazikosi fungu lake. Tajeni tarehe ya kuanza.