Kufungiwa Ukurasa Bila Kuambiwa Kosa

Kila ukurasa wa mwandishi au mwanaharakati unapofungiwa Facebook, Instagram au X, utetezi uleule hurudi. Mara hutoka kwa kampuni, mara kwa watumiaji wenzetu ambao hawajawahi kuguswa. Unastahili kujibiwa hoja kwa hoja, maana anayeukubali anaikabidhi sauti yake kwa mtu asiyemjua na asiyewajibika kwake.

Hoja inayotangulia siku zote ni ya mwenye nyumba: mtandao ni mali ya kampuni, asiyetakiwa atolewe, na uhuru wa kujieleza humlinda raia dhidi ya serikali tu. Hayo ni mafundisho ya Marekani, ambako Marekebisho ya Kwanza ya Katiba huifunga serikali peke yake. Tumeyapokea kana kwamba ni sheria ya dunia nzima. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 20, inasema haki za msingi zinazifunga taasisi zote za dola na watu wote pia, na Ibara ya 260 inaihesabu kampuni kuwa mtu. Isitoshe, Meta, mwenye Facebook na Instagram, yenyewe ilitoa sera ya haki za binadamu Machi 2021, ikaahidi kuheshimu kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu. Aliyeahidi hivyo kwa maandishi hawezi tena kujificha nyuma ya hati ya nyumba.

“Asiye na kosa hafungiwi.” Kauli hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu humtia hatiani aliyeonewa kabla hajafungua mdomo. Na kampuni yenyewe imeikanusha. Januari 2025 Meta ilieleza kwamba mwezi uliotangulia ilikuwa ikiondoa mamilioni ya machapisho kila siku, na kwamba katika kila hatua 10 za namna hiyo, huenda moja hadi mbili zilikuwa za makosa. Pigeni hesabu wenyewe.

Makosa hayo hayaangukii watu wote sawasawa. Mei 2021, wakati wa machafuko ya Jerusalem na Gaza, alama ya mada yenye jina la Al-Aqsa ilifichwa Instagram. Uchunguzi huru ulioagizwa na Meta, uliotolewa Septemba 2022, ulieleza chanzo: mfanyakazi wa kampuni iliyopewa zabuni alichota jina hilo kutoka orodha ya Marekani yenye majina ya makundi yaliyowekewa vikwazo, akaliingiza kwenye maneno ya kuzuiwa. Jina la msikiti wa tatu kwa utukufu katika Uislamu likawa neno la hatari. Uchunguzi huo ulikuta pia kwamba maandishi ya Kiarabu yalifutwa kimakosa kwa wingi zaidi, huku Kiebrania kikiwa hakina hata mtambo wa kunasa maneno ya uchochezi. Sisi tunaoandika Kiswahili, chenye mafumbo yake na lugha yake ya mtaani, tuna kila sababu ya kuuliza nani anatusoma.

Tena si kila ukurasa huangushwa na mashine. Mwaka 2020, akaunti ya Twitter, ambayo sasa ni X, iliyojulikana kwa jina la Kigogo, iliyokuwa ikifichua mambo ya watawala wa Tanzania, ilimiminiwa malalamiko ya hakimiliki chini ya sheria ya Marekani ya 1998. Mbinu ilikuwa kunakili maandishi yake, kuyapachika kwenye tovuti na kuyawekea tarehe za nyuma, kisha kudai kwamba yeye ndiye mwizi. Kosa lake hapo ni lipi?

Wapo upande wa pili wanaosema basi kusifutwe chochote. Siwezi kuungana nao. Mwaka 2021 profesa mmoja wa kemia wa Bahir Dar, Ethiopia, alichafuliwa Facebook kwa picha yake na jina lake. Familia iliripoti, haikusikilizwa kwa wakati, na Novemba mwaka huo akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kuna maneno yanayoua. Arusha tunalijua hilo: Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyoketi humu, iliwatia hatiani waasisi wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Lakini angalieni namna ilivyofanywa. Mashtaka yalisomwa, maneno yenyewe yakapimwa, washtakiwa wakajitetea, na mwaka 2007 rufaa ikabadilisha sehemu ya hukumu. Mwenye ukurasa uliofungwa leo hupata sentensi moja: umekiuka viwango vya jamii. Kiwango kipi, kwa neno lipi, haambiwi.

“Basi serikali ishike ufunguo.” Tumeshaona inavyoushika. Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti bandia ilizozihusisha na wizara ya habari na mawasiliano ya Uganda. Usiku wa kuamkia uchaguzi, serikali ya Museveni ikaufunga mtandao wote, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Tanzania nayo iliizima X Mei 2025. Sheria inayofaa haimpi waziri ufunguo, humlazimisha mwenye mtandao kujieleza. Ulaya wameweza: kanuni zao za huduma za kidijitali, zinazotumika kikamilifu tangu Februari 2024, zinaitaka kampuni itaje sababu ya kila zuio, na rufaa isiamuliwe na mashine peke yake. Mwenye ukurasa Marseille ana haki hiyo. Wa Mombasa hana.

Na anayesema tuhamie mtandao mwingine hajauza nguo wala samaki kupitia Facebook kwa bando la siku.

Mwisho huja sauti ya kukata tamaa: kampuni hizi ziko California, tutazifikia wapi? Nairobi. Mwana wa yule profesa aliishtaki Meta huko Desemba 2022, kwa kuwa waliokuwa wakihakiki maudhui ya ukanda huu walikaa jijini humo. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba inayo. Mlango uliofunguliwa na mtoto wa aliyeuawa kwa sababu maneno hayakufutwa, unaweza kupitwa pia na yule ambaye maneno yake yalifutwa bila sababu.