Ukiiga Mfarishi wa Gee's Bend, Mtaje Aliyeushona

Mwaka 1972 kampuni ya Sears, Roebuck iliwapa wanawake wa mashambani Alabama, kusini mwa Marekani, kazi ya kushona foronya za kodrai. Walikuwa wanachama wa Freedom Quilting Bee, ushirika ulioundwa mwaka 1966 katika kaunti ya Wilcox, wakati baadhi ya Wamarekani weusi wa huko walikuwa wakifukuzwa kwenye mashamba waliyokodi kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Foronya zilikwenda madukani. Mabaki ya kodrai, marefu na membamba, ya rangi ya dhahabu, nyekundu na kijani cha parachichi, yalikwenda majumbani kwa washonaji, yakageuka mifarishi ambayo leo watu hulipa kiingilio kuitazama.

Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, na mshono mmoja unaozishika zote. Mfarishi wa vitepe ni kazi ya watu wasiotupa kitu. Mshonaji huanza na karatasi ya mraba, mara nyingi gazeti kuukuu, au kitambaa chepesi. Hulaza kitepe cha kwanza kutoka pembe hadi pembe, huweka cha pili juu yake uso kwa uso, hushona ukingo mmoja, hukifunua, hukipiga pasi, kisha huongeza kingine mpaka mraba ujae. Kingo zikishasawazishwa kwa mkasi, karatasi huchanwa na kutolewa. Miraba minne ikikutanishwa, mistari ya mshazari huchora almasi. Hakuna anayepima upana: kitepe cha kidole kimoja hukaa jirani na cha vidole vitatu, na hapo ndipo jicho linaposhikwa.

Kijiji kilichoupa ufundi huu sifa kubwa kuliko vyote ni Gee's Bend, katika kaunti hiyohiyo ya Wilcox, ambacho kwenye ramani kinaitwa Boykin. Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wakazi wengi ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, na jina la Pettway wanalolibeba ni la Mark Pettway, aliyekuwa mwenye shamba hilo. Mwaka 1962, walipokuwa wakivuka kwenda mji wa Camden kudai haki ya kura, kivuko kilisitishwa, kikarudi 2006. Kizazi baada ya kizazi mama alimfundisha binti, na jirani aliutazama mfarishi wa jirani ukianikwa uani, akauchukua muundo na kuugeuza kwa namna yake. Mwaka 1942 Missouri Pettway, pamoja na binti yake Arlonzia, alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, apate kujifunika kwa kumbukumbu yake. Mwaka 1976 Annie Mae Young aliweka vitepe vya kodrai katikati, akavizungushia dangirizi zilizochakaa shambani. Kazi hizi zina wenyewe.

Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika Museum of Fine Arts ya Houston, kisha katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilichapa stempu kumi za mifarishi ya kijiji. Washonaji wa kizazi kipya waliona, wakajifunza. Chama chao, Modern Quilt Guild, kilianza Los Angeles mwaka 2009, na maonyesho yao ya kwanza, QuiltCon, yalifanyika Austin, Texas, mwaka 2013. Rangi zisizo na maua, mistari iliyopinda kwa makusudi, kushona bila kufuata kielelezo: mengi yanayoitwa ya kisasa yalikuwa yamekwishashonwa Gee's Bend miongo kadhaa kabla.

Kupeana mawazo ndiko kunakoihuisha jumuiya hii, na anayetaka kila muundo ufungiwe kabatini angeiua. Wapo wanaosema vitepe ni vya wote, kwa kuwa wanawake wa mashambani kote Marekani walivishona wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Ni kweli: mbinu ni ya wote. Lakini mpangilio wa Annie Mae Young ni wa Annie Mae Young. Anayeushona upya, akaupa jina jingine na kushindania tuzo nao bila kumtaja, amemnyang'anya mtu kitu, hata kama sheria haimgusi.

Suala la fedha halikwepeki. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji wa kijiji walikwenda mahakamani wakidai malipo na haki miliki, na kesi zikamalizwa mwaka uliofuata. Tangu 2021 baadhi yao wanauza wenyewe kupitia Etsy, soko la mtandaoni, na hiyo ni hatua njema: bei anaipanga mshonaji. Mwaka 2024 maduka ya Target yaliuza bidhaa zenye miundo ya wanawake watano wa kijiji. Heshima ilikuwepo, ila malipo ya mara moja kwa watu watano hayafanani na ushirika wa 1966, uliogawa kazi na ujira kwa wengi.

Suala hilohilo la kumtaja mwenye kazi linawahusu watu walio karibu zaidi na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanawake wa Siddi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika ambao baadhi yao walipelekwa Goa na Wareno kutoka Msumbiji, hushona kawandi, mfarishi unaoanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kikishikwa kwa mkono. Sasa kawandi inafundishwa katika semina za kulipia Marekani na Ulaya. Inafaa ifundishwe, maana mbinu isiyofundishwa hufa. Haifai ifundishwe kana kwamba mwalimu ndiye aliyeivumbua.

Dawa ya kutotaja jina haina gharama. Washonaji wengi tayari hushonea kitambulisho nyuma ya mfarishi, chenye jina lao na mwaka. Kiongezwe mstari wa jina la aliyewapa wazo na mahali anapotoka. Waandaaji wa maonyesho waudai mstari huo kwenye fomu ya kujiandikisha na wauchapishe ukutani kando ya kazi, kwa herufi zinazosomeka. Na mwenye semina ya kulipia kuhusu Gee's Bend au kawandi amwalike mshonaji wa huko afundishe kwa ujira kamili, au atenge sehemu ya ada iwafikie.