Miche ya Bei Chee, Hasara ya Miaka 20

Mkulima wa Mufindi na Njombe, acha kununua miche ya paina kwa kuangalia bei tu. Nawe muuza miche, acha kuokota koni za mti mmoja nyuma ya nyumba! Mti uliosimama peke yake hujichavusha wenyewe: mbegu nyingi huwa tupu, na miche inayoota hudumaa. Paina hii ililetwa kutoka Meksiko. Hapa haina msitu wa asili wa kuiongezea damu mpya. Kitaluni huoni tofauti. Maabara huiona: hupima alama za vinasaba kwenye majani, ikajua miche ipi ni ndugu. Wewe huna maabara, lakini una mdomo. Uliza: mbegu imetoka miti mingapi? Asiyejibu, usimlipe.