Matokeo yakichelewa, bumu hulala: Kitanzi cha vyuo vikuu vidogo

MWANAFUNZI wa mwaka wa pili anaporejea chuoni mwezi Novemba, hesabu yake ya kwanza huwa si ya vitabu. Ni hesabu ya siku ambazo unga na maharage aliyobeba kutoka nyumbani vitamfikisha, kabla jina lake halijatokea kwenye orodha ya waliolipwa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wenyewe wamezoea kuziita bumu.

Katika vyuo vikuu vikubwa vya umma, orodha hiyo ikichelewa huwa habari. Serikali ya wanafunzi hutoa tamko, waandishi huitwa, na swali hufika bungeni. Katika chuo kidogo cha binafsi kilichopo Mtwara, Tabora au Iringa, ucheleweshaji wa aina hiyo hupita kimya, ingawa athari zake huenda mbali zaidi kwa kuwa haziishii kwa mwanafunzi. Huingia mpaka chumba cha mhadhara.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo inaoutoa una mafungu, na mawili ndiyo yenye uzito: fedha za chakula na malazi, ambazo humfikia mwanafunzi, na ada, ambayo hulipwa moja kwa moja kwa chuo.

Mjadala wa hadharani umekuwa ukilitazama zaidi fungu la kwanza. Mwaka wa masomo 2022/23 posho hiyo iliongezwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, na bajeti ya mikopo nayo ilipanda kutoka Sh464 bilioni mwaka 2020/21 hadi Sh570 bilioni mwaka uliofuata, kisha Sh654 bilioni mwaka 2022/23. Ongezeko hilo ni kubwa na linastahili kusifiwa. Hata hivyo, kwa chuo kidogo swali gumu si kiasi cha fedha, bali ni siku zinapofika.

Chuo kikuu cha umma kina Hazina nyuma yake kwa ajili ya mishahara. Chuo cha binafsi hutegemea ada kulipa karibu kila kitu, kuanzia mhadhiri mwandamizi hadi mlinzi wa getini. Sehemu kubwa ya wanafunzi wake wakiwa ni wanufaika wa mkopo, maana yake ni kwamba Bodi, bila kukusudia, ndiyo mlipaji mkuu wa mishahara ya chuo hicho.

Hapo ndipo kitanzi kinapojifunga. Kwa wanafunzi wanaoendelea na masomo, Bodi huhitaji kwanza kupokea matokeo ya mitihani kutoka chuoni, yakithibitisha kuwa mhusika amefaulu na kuingia mwaka unaofuata. Sharti hilo ni la haki, kwani hakuna sababu ya fedha za umma kumlipia mtu aliyekwisha kuacha masomo.

Lakini matokeo hayajiandiki yenyewe. Chuo kidogo, hasa kile kilicho mbali na Dar es Salaam, hutegemea sana wahadhiri wa muda: watu wenye ajira katika chuo kingine, ambao huja kufundisha siku mbili tatu kwa wiki na kulipwa kwa vipindi. Mhadhiri wa namna hiyo anapodai malimbikizo ya muhula uliopita, rundo la karatasi za mitihani mezani kwake halimpi usingizi wa mang'amung'amu. Atasahihisha akipata nafasi.

Somo moja likikosa alama, idara haiwezi kupitisha matokeo. Idara isipopitisha, seneti haina cha kuidhinisha, na ofisi ya mitihani haina cha kupeleka Bodi. Bodi nayo hushikilia fedha. Ada isipoingia, mhadhiri yuleyule haendi kulipwa, na karatasi za muhula unaofuata zitamkuta akiwa na kinyongo kilekile. Katika mzunguko wote huo hakuna hata mmoja aliyevunja sheria, na pengine ndiyo maana hakuna anayewajibishwa.

Anayebaki kuubeba mzigo huo ana kwa ana na wanafunzi ni mshauri wa wanafunzi. Katika chuo kikubwa ofisi yake ina wasaidizi, na dawati la mikopo lina watumishi wake. Katika chuo kidogo si ajabu kumkuta mtu mmoja akishika vyote viwili, na usimamizi wa mabweni juu yake. Asubuhi anasikiliza kijana aliyelala njaa. Mchana anahakiki majina na namba za usajili za wenzake mia kadhaa, akijua kwamba tarakimu moja ikikosewa mtu mwingine atalala njaa.

Ni vigumu kuvitetea vyuo hivi mbele ya mtu anayeangalia majengo tu. Ila ikumbukwe kwamba elimu ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Uchache una faida zake. Mahali ambapo darasa lina watu 30, mhadhiri hutambua wiki ya pili tu kwamba fulani haonekani, na huuliza. Kwenye ukumbi wa watu 400, kijana anaweza kupotea muhula mzima na kugundulika siku ya mtihani.

Mwanafunzi asiye na mkopo, au aliyepewa asilimia ndogo ya ada, ana kalenda nyingine kabisa, ile ya mazao ya wazazi wake. Mzazi wa Newala au Tandahimba hulipa ada korosho ikiuzwa, kuanzia Oktoba. Msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya kutoridhishwa na bei za wafanyabiashara, malipo ya baadhi ya wakulima yalivuka mwaka. Mitihani ya muhula wa kwanza haikuwangoja. Asiyemaliza ada huweza kunyimwa kibali cha kuingia chumba cha mtihani, na chuo kinachomnyima hakifanyi hivyo kwa ukatili. Kina mishahara ya kulipa.

Mazingira ya nje nayo yamebadilika. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka 2016 kiwango cha chini cha kujiunga kilipandishwa hadi pointi nne. Mwaka 2017 waombaji walianza kutuma maombi moja kwa moja vyuoni, na mwaka huohuo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Wanafunzi wakipungua nusu, gharama ya maktaba na maabara haipungui nusu.

Kufunga chuo kisichokidhi viwango ni wajibu wa TCU. Lakini waliohamishwa Februari 2016, kibali cha tawi la Songea la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu kilipofutwa, walikwenda kuanza upya katika miji wasiyoijua, kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Njia ya kukikata kitanzi ipo, na haihitaji mabilioni mapya. Bodi inaweza kutoa awamu ya kwanza kwa kutumia matokeo ya awali, kisha kurekebisha hesabu katika awamu ya pili kwa walioshindwa. Vyuo navyo vinaweza kuwalipa wahadhiri wa muda siku wanapokabidhi alama, badala ya kulimbikiza madai yao. Hayo yakibaki kwenye mafaili, Novemba nyingine itafika, na mshauri wa wanafunzi ataanza tena kuuliza ni idara gani haijaleta alama.